Maprodyuza wa rimiksi za fidla na chelo: upinde mmeua, dropu haina nyuzi, halafu mnataka tupige makofi

Wakuu, uzi huu nimeufungua kwa hasira na sitapunguza makali.

Rimiksi za dansi za muziki wa nyuzi zinamwagwa kila kukicha. Nazungumzia yale makundi ya fidla mbili, viola na chelo yanayopiga Vivaldi au Bach kwa mtindo wa pop, kisha mtu anatia kiki (ngoma nzito ya dansi) chini. Nyingi zimekatwa kwa kisu kimoja. Nyuzi zinaanza peke yake baa 16 (baa ni fungu la mapigo, mara nyingi manne), rolu ya snea inapandisha mzuka baa 8, kila mtu anasubiri, dropu, yaani pale mdundo wote unapoingia, inapasuka... na nyuzi hazipo! Imebaki kiki, besi na sinthesaiza ambayo tumeisikia mara elfu. Hiyo ni rimiksi ya nini sasa?

Tatizo la msingi ni kwamba mnazichukulia nyuzi kama sauti ndefu za kujazia nyuma. Mdundo wa nyuzi unatoka kwenye upinde. Upinde unaporushwa ukadunda juu ya nyuzi, yaani spiccato, kila noti ina kishindo kidogo mwanzoni, pale nywele zenye ulimbo zinaponasa kabla sauti haijafunguka. Kishindo hicho ndicho kinachomfanya msikilizaji atikise kichwa. Nyinyi ndicho mnachokiua kwanza, na mnakiua kwa njia zaidi ya moja.

Tuanze na spidi. Mtu anachukua rekodi ya mapigo 72 kwa dakika, anaivuta mpaka 128. Hiyo ni mara 1.78. Programu itakulindia kimo cha noti, lakini haitakulindia vibrato. Vibrato ya kawaida hutikisika kama mara 6 kwa sekunde. Ukiibana hivyo inakaribia mara 11, na fidla inaanza kulia kama mbuzi. Vishindo vya upinde navyo vinasagika. Kama kipande kiko 72, acha tamaa ya 128. Kiweke kwenye 140 au 144 na uhesabu nyuzi kwa nusu ya mwendo wa ngoma, hapo huvuti karibu chochote. Kilicho 64 kinaingia 128 bila jasho. Na rekodi isiyopigwa kwa kliki (mapigo ya kuongozea masikioni) haina spidi moja, kwa hiyo weka alama kwenye pigo la kwanza la kila baa kwa mkono, usiiachie programu ikisie. Inakisia vibaya kwenye nyuzi kwa sababu sauti laini haina ncha ya kushika.

Halafu saidicheni, yaani kushusha sauti ya nyuzi kila kiki inapopiga. Hapa ndipo ninapopandwa na wazimu kabisa. Kwenye 128, kiki inapiga kila milisekunde 469. Prodyuza anaweka kompresa inayoshusha nyuzi zote dB 12, na rilisi (muda wa sauti kurudi juu) ya milisekunde 300. Piga hesabu. Noti nne za haraka ndani ya pigo moja zina milisekunde 117 kila moja. Ya kwanza imemezwa, ya pili imemezwa, ya tatu inasikika nusunusu, ya nne ndiyo inatoka mzima. Na mpigaji alitia mkazo kwenye noti gani? Ya kwanza! Umefuta ile aliyoipigia kwa nguvu zote ukatuachia mkia.

Na ni kwa faida gani? Noti ya chini kabisa ya fidla ni 196 Hz. Ya viola ni kama 131. Kiki yako inakaa kati ya 45 na 60 Hz. Hawagombani hata kidogo. Anayekaribia hapo ni chelo, inayoshuka mpaka 65 Hz, na dabo besi, mpaka 41. Basi shusha hao tu, chini ya 150 Hz tu, dB 3 au 4, rilisi milisekunde 80 mpaka 100. Fidla ziache zipumue.

Wengine nao wanakata kila kitu chini ya 300 Hz "ili kusafisha". Umesafisha nini? Umetoa mwili wa chelo ukaacha mkwaruzo. Kwenye fidla kata chini ya 150, kwenye chelo chini ya 60 au 70 kama kuna besi ya sinthesaiza, basi. Fidla zikigongana na makofi na haihati (visahani vya ngoma) pale 3000 mpaka 4000 Hz, punguza haihati. Haihati haikuandikiwa wimbo.

Tuni. Okestra nyingi hutuni noti ya A kwenye 442 au 443 Hz, sinthesaiza yako iko 440. Tofauti ya 442 na 440 ni kama senti 8 (senti 100 ndiyo nusu toni), na kwenye hiyo A utasikia sauti inapanda na kushuka mara mbili kwa sekunde. Watu wanasema "haijakaa vizuri" bila kujua kwa nini. Tuni sinthesaiza ifuate nyuzi, ni kitufe kimoja. Rekodi za ala za Kibaroko mara nyingi ziko 415, yaani chini karibu nusu toni nzima, hivyo usiamini ufunguo ulioandikwa kwenye noti mpaka umesikiliza. Na acheni kuhamisha fidla nusu toni tatu juu ili ilingane na sauti ya mwimbaji. Mwili wa fidla una miitiko yake isiyohama na noti, mmojawapo karibu na 270 au 280 Hz. Ukivuta rekodi, mwili wote unasogea, na fidla inageuka mdoli.

Kuhusu hesabu ya mapigo, jamani. Mwendo wa tatu wa "Kiangazi" cha Vivaldi, ile dhoruba mnayoipenda, uko 3/4, yaani mapigo matatu kila baa. Kiki kila pigo haina neno, inaingia popote. Kinachovuruga ni makofi kwenye pigo la 2 na la 4: baa inayofuata yanaangukia pengine, na baa za ngoma na za nyuzi huanza pamoja tena baada ya mapigo 12. Ama andika makofi ya mzunguko wa mapigo 6, ama ongeza pigo moja mwishoni mwa kila baa kwa kurefusha noti. Usikate pigo la tatu, ndilo linalobeba mkono kwenda kwenye baa mpya. Kanoni ya Pachelbel iko 4/4, ina besi ya noti 8 inayorudiwa mara 28, ndiyo maana wavivu wote wanaikimbilia.

Na msije na hoja ya Adagio for Strings ya Samuel Barber, kwamba "mbona ile ilifanikiwa". Ndiyo, ilifanikiwa: Ferry Corsten aliifanyia rimiksi toleo la William Orbit mwaka 1999, na Tiësto akatoa lake kama singo mwaka 2005. Lakini ule muziki wa 1936 umeandikwa hasa 4/2 na unateleza kwenda 5/2 na 6/2. Kuivuta rekodi ya okestra ikae kwenye gridi kungekuwa mateso. Wao waliipiga melodia upya kwa sinthesaiza, wakaipangia mapigo yao. Tena kwenye dropu melodia ipo! Ndiyo tofauti.

Mwangwi nitagusa tu. Ukumbi wenye mwangwi wa sekunde 2 unabeba kordi ya zamani kwa zaidi ya mapigo manne kwenye 128, yaani baa nzima. Badilisha kordi kila baa na utapata uji. Wewe unaongeza mwangwi mwingine juu yake!

Karibuni mnitukane.

#2
Mkuu, una haki lakini hasira umeielekeza kwa mtu mmoja. Kampuni za muziki nyingi zinamtumia prodyuza faili moja ya stereo, hakuna stemu (kila ala kwenye faili yake). Anabaki kutumia programu za kutenganisha sauti, na hizo kwa kawaida zina vikapu vinne: waimbaji, ngoma, besi na "vinginevyo". Nyuzi zinatupwa kwenye vinginevyo, ila chelo ikishuka inavujia kwenye besi, fidla ya juu inadhaniwa mwimbaji, na vishindo vya spiccato vinaishia kwenye ngoma. Ukitumia kikapu kimoja unapata fidla ya majimaji. Ukivijumlisha vyote unarudi ulikoanzia.

#3
Nakubaliana na #2, lakini dawa ipo: rekodi upya. Wapigaji wanne, kliki kwenye spidi ya mwisho, hedfoni sikio moja ili wasikilizane na lile jingine. Maiki karibu, sentimita 40 hivi juu ya ala, na nyingine mbili mbali kidogo. Pigeni mara tatu au nne mkibadilishana sehemu, fidla ya kwanza ipige ya pili. Kunakili rekodi ileile mara nne hakukupi kundi kubwa, kunakupa sauti ileile yenye nguvu zaidi. Noti ndefu ziwahishe kwa milisekunde 20 au 30 kwa sababu upinde unachelewa kufunguka, spiccato usiiguse. Siyo gharama ndogo, lakini haki za rekodi ya mtu nazo si bure. Vivaldi alikufa 1741, noti zake ni za wote. Rekodi ya juzi ina mwenyewe. Na Barber alikufa 1981, kwa hiyo Ulaya, kwa kanuni ya miaka 70, noti zenyewe bado zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2051.

#4 (mwanzisha uzi)
#2, hoja ya stemu naipokea. Ila aliyepewa faili moja tu afanye kazi inayolingana na faili moja: achague baa 4 zenye upinde mkavu, azitengenezee lupu (kipande kinachojirudia) kwenye spidi yake halisi, ajenge ngoma kuizunguka, na lupu hiyo ICHEZE KWENYE DROPU. Hilo halihitaji stemu.

Na nilisahau masta, yaani faili la mwisho la wimbo. Mnaisukuma mpaka -7 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), Spotify inairudisha kwa kawaida kwenye -14. Kumbe ile kresendo (sauti kupanda polepole) ya baa 8 mliyoisaga kwa limita, kifaa cha kubana vilele vya sauti, mmeisaga bure. Ishieni -10, iacheni ipande.