Kambi ya asali ya Mzee: nani anakumbuka njia?

IJUMAA JIONI

Baba Pendo: Wana ukoo, hamjambo. Likizo ya Juni nataka kuwapeleka watoto kwenye kambi ya asali aliyokuwa akitupeleka Mzee, marehemu baba yetu. Siongelei Sikonge wala Ipole, naongelea kambini penyewe, porini. Nani anaikumbuka njia? Mimi nakumbuka mpaka pale tulipoiacha barabara. Baada ya hapo ni majani tu kichwani mwangu.

Mama Salome: Kaka umenigusa. Ile yenye mwembe mkubwa na viboko bwawani?

Baba Pendo: Hiyohiyo.

Mama Salome: Mimi njia siijui, nakumbuka usiku. Mzee yuko juu ya mti na mwenge wa moshi, mimi niko chini nimeshika kamba ya kilindo, lile pipa la gome la kuwekea asali. Cheche zinadondoka, nyuki wanazifuata, na nimeambiwa nisitikisike hata wakinitambaa. Kisha kilindo kinashuka taratibu, kizito, masega bado yana joto, nta inanukia. Tukilala tu, treni ya Mpanda inapiga honi kule mbali. Asubuhi matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na asali mpya.

Baba Pendo: Treni? Dada, kule hakuna reli. Sisi tulitoka Sikonge kwa baiskeli, tukalala Ipole, tukalala tena njiani, tukaenda mpaka karibu na daraja la Koga ndipo tukakata kulia. Nilikaa kwenye keria nimeshika kopo lenye kinyesi cha tembo kinachofuka moshi, kazi yangu ni kufukuza mbung'o wasimle Mzee mgongo. Likizimika kopo, anasimama tunaliwasha upya. Reli iko mbali kabisa na huko.

Mama Salome: Kaka, honi niliisikia kwa masikio yangu. Na mama alikuwepo, alisema "hiyo ndiyo itakayotubebea asali kesho."

Baba Juma: Shikamoo kaka, shikamoo dada. Mimi sikuwahi kupelekwa, nilizaliwa nyuma, lakini barabara ya Tabora kuja Mpanda naipita kila wiki. Sasa ni lami. Ukitoka Tabora asubuhi, mchana unakula Inyonga. Vile vinjia vya baiskeli vya kuingia porini vimefungwa na miti. Mtu akikwambia "kata kulia kabla ya daraja" leo, utakata wapi?

Baba Pendo: Ndiyo maana nauliza mapema mdogo wangu.

Pendo: Shikamooni wazazi wote. Baba, tusitafute njia. Njia ya baiskeli ya miaka ile haionekani kwenye picha ya setilaiti yoyote. Tutafute kisichohama. Mwembe haupukutishi majani. Nimefungua picha zilizopigwa mwezi wa 8, wakati miti ya pori kama mitundu na miyombo imepukutika na pori lote limegeuka kijivu na kahawia. Mwembe unabaki doa la kijani kibichi. Shida ni kwamba miti ya kandokando ya mto na vichaka vya kwenye vichuguu vilevile hubaki kijani, kwa hiyo nina madoa mengi mno. Naombeni vitu vya kuchuja: maji yalikuwa upande gani wa kambi? Jua lilichomoza wapi? Mbuga, ule uwanda wa udongo mweusi, ilikuwa karibu?

Baba Pendo: Mbuga ilikuwepo. Udongo mweusi umepasukapasuka, mguu unaingia kwenye nyufa. Asubuhi tukienda kuchota maji jua lilikuwa linatupiga usoni.

Pendo: Basi maji yalikuwa mashariki ya kambi. Hiyo inasaidia sana baba.

Mama Salome: Kwangu jua lilikuwa linazama bwawani. Nakumbuka viboko weusi kwenye maji mekundu.

Baba Juma: Mmoja mashariki, mwingine magharibi. Hapa dawa ni kumuuliza Baba Mdogo, huyo Babu wa kina Neema. Ndiye aliyekuwa anabeba mzigo. Sisi wengine tulibebwa.

Mama Salome: Kweli. Neema, upo na Babu? Msomee yote haya tangu mwanzo.

Neema (Sikonge): Nipo naye shangazi. Amelala, namsomea asubuhi.

JUMAMOSI ASUBUHI

Neema (Sikonge): Babu ametuma sauti ndefu, nimeiandika yote ili mlio kazini msome:

"Mwangaluka wanangu. Nimewasikia. Hakuna aliyesema uongo hapo. Kambi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya Koga, ndiyo aliyokwenda kaka yenu akiwa darasa la tatu. Ya pili ni ya relini, na huko ndiko alikokwenda Mama Salome na mama yenu. Tulihama kwa sababu ya mzigo. Koga asali ilikuwa nyingi, lakini kila dumu lilitoka kwa baiskeli, mchanga unashika gurudumu, mbung'o wanakula. Mwaka mmoja tukarina mpaka tukaacha asali nyuma kwa kukosa wa kuibeba. Marehemu kaka alilala njaa kwa uchungu siku ile, akasema kuanzia sasa twende kwenye treni. Upande wa reli ya Kaliua kwenda Mpanda, ukishafikisha dumu stesheni umemaliza kazi.

"Na mwembe mliuona kote kwa sababu kote ni mahame. Enzi za Mwingereza watu waliondolewa kwenye yale mapori kwa ajili ya malale, wakakusanywa kwenye vijiji vikubwa. Nyumba za udongo zikayeyuka, miembe ikabaki. Sisi watu wa asali tukiona mwembe porini tunajua hapo palikuwa na mji, na palipokuwa na mji kuna maji. Hapo tunatua."

Mama Salome: Jamani. Miaka yote hii nilidhani kambi ni moja.

Baba Pendo: Asante sana Baba Mdogo. Sasa tuanze na ya Koga. Miembe ilikuwa mingapi? Mimi nakumbuka mmoja.

Neema (Sikonge): Babu anasema: "Mitatu. Miwili imeshikana matawi, ndiyo wewe uliiona mwembe mmoja mkubwa. Wa tatu umejitenga, kama mwendo wa kurusha jiwe, kuelekea jua linakozama. Katikati yake na ile miwili kuna kichuguu kirefu, juu yake pameota mkwaju. Bwawa liko upande wa jua linakotoka, lakini kabla ya bwawa unavuka ulimi wa mbuga. Kiangazi kikikaza, mto ule hautiririki, unabaki mabwawa mabwawa, na viboko wanajazana humo."

Pendo: Babu, hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka. Nipeni muda.

Baba Juma: Wakati Pendo anatafuta, niseme jambo moja lisije likatushtukiza. Tukikata kulia kabla ya Koga tunaelekea Ugalla. Zamani lilikuwa pori la akiba, warina asali waliingia kwa kibali wakati wa kiangazi. Tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, zaidi ya kilomita za mraba 3,800. Ndani ya hifadhi ya taifa hairinwi asali wala haipigwi kambi bila ruhusa. Kwa hiyo kama kambi ya Koga imo ndani ya mpaka, tutaingia kama wageni wengine: kiingilio, kuandikishwa, na askari wa kutembea nasi.

Baba Pendo: Nalipa kiingilio kwa moyo mmoja. Watoto waone.

Mama Salome: Na mizinga ya Mzee imebaki humo humo?

Neema (Sikonge): Babu anasema: "Ya magome ilishaoza zamani, ile haimalizi hata miaka kumi. Na ile miti tuliyoibandua magome ilikufa, msiitafute. Lakini ya magogo ya mninga mimi siwezi kusema imeisha. Mninga hauliwi na mchwa ovyo. Chapa yetu ni mistari miwili ya kusimama na mmoja wa kulala juu yake, imekatwa kwa shoka kwenye kizibo. Mkiuona mzinga huo, muutazame tu. Nyuki walioko humo hawatujui tena."

Baba Juma: Chapa hiyo sikuwahi kuambiwa. Neema, Babu aichore kwenye karatasi uipige picha.

JUMAMOSI USIKU

Pendo: Nimepata sehemu mbili zinazofanana na maelezo ya Babu upande wa Koga, zote zina ulimi wa mbuga na bwawa mashariki. Ya kaskazini nimeitoa, madoa yake ya kijani yamejipanga kando ya korongo, hiyo ni miti ya majini tu. Ya kusini ina doa moja kubwa lenye umbo la nane, na doa dogo magharibi yake. Nimepima, ni kama mita 60 kati yake. Katikati kuna duara jeupe lenye kivuli kirefu na kichaka juu. Natuma picha.

Baba Pendo: Pendo mwanangu. Umbo la nane ni ile miwili iliyoshikana.

Neema (Sikonge): Babu ameishika simu kwa muda mrefu. Ameuliza kama unaweza kumwonyesha bwawa. Nimemsogezea. Anasema: "Ndipo. Bwawa limepungua, lakini ndipo."

Mama Salome: Mungu ni mwema! Na yangu ya relini je?

Pendo: Shangazi, ya relini bado. Babu anasema walitembea nusu siku kutoka stesheni ndogo iliyo kabla ya mto, bwawa likiwa magharibi. Nusu siku yenye mizigo na nusu siku bila mizigo ni vitu viwili tofauti, nimeshindwa kuchora mduara.

Baba Juma: Hiyo niachieni mimi. Wazee waliofanya kazi relini bado wako hapa Mpanda. Mtu aliyepakia madumu ya asali ya watu wa Sikonge hawezi kukosekana. Na nitaulizia kama upande ule ni msitu wa hifadhi, ili tujue kibali kinaombwa wapi.

Mama Salome: Mwambie Babu asante. Nataka tumchukue kabisa, asiachwe nyumbani.

Neema (Sikonge): Ameshasikia. Anasema: "Gari likifika mwisho wa njia mimi nitakaa chini ya mti, nyie mtatembea na askari. Nitawaelekeza kwa simu kama mtandao upo. Msije mwanzoni mwa Juni, nyasi bado ndefu na hamtaona nyoka wala kiboko aliyetoka majini. Njooni mwishoni. Kinyesi cha tembo msihangaike, dirisha la gari lifungwe tu. Na huyo binti aichape hiyo picha kwenye karatasi kubwa, simu hii ni ndogo kwa macho yangu."

Pendo: Nitaichapa kubwa kabisa Babu, na miembe nitaizungushia kalamu nyekundu. Nampa Baba Juma akipita huku kwangu Dodoma Jumatano.

Baba Juma: Jumatano napita. Iwe tayari kabla ya saa nne asubuhi.