Amehama Kentucky kwenda Ohio, ofisi inamtaka asubiri miezi sita ndipo aombe msaada. Ni halali?

NyotaYaZiwa:
Wakuu habari zenu. Namuulizia dada mmoja, raia wa Marekani kwa kuapishwa, ana watoto wawili. Kahamia Ohio mwezi huu, amefikia kwa ndugu yake, mkataba wa nyumba hana. Karani wa ofisi moja kamwambia arudi akitimiza miezi sita. Kentucky alikuwa anapata SNAP (msaada wa chakula), Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na fedha taslimu za TANF (msaada kwa familia zenye watoto). Aanzie wapi?

MtuWaMafaili:
Karani amekosea. Jambo hili liliamuliwa mwaka 1969 katika kesi ya Shapiro v. Thompson. Connecticut, Pennsylvania na Washington, D.C. walikuwa wanamnyima msaada mtu ambaye hajamaliza mwaka tangu ahamie. Mahakama ya Juu ikakataa: kuhama ni haki ya kikatiba, na kubana matumizi si sababu ya kumwadhibu anayeitumia.

California ikaja na mbinu nyingine: mgeni alipwe, kwa miezi 12 ya kwanza, kiwango cha jimbo alikotoka. Familia ya watu watatu iliyotoka Louisiana ilipangiwa dola 190 kwa mwezi, wakati wenyeji wa California walikuwa wanapata 641. Mwaka 1999, katika Saenz v. Roe, majaji 7 dhidi ya 2 waliifuta. Kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, raia ni wa jimbo analoishi, na wenyeji hawapangwi kwa madaraja.

Ila tofautisheni: Ohio inaweza kudai uthibitisho kwamba unaishi Ohio. Haiwezi kudai uwe umekaa muda fulani. Makarani wengi huchanganya hayo mawili.

BiRehani:
Aombe leo leo. Kwa SNAP, fomu yenye jina, anwani na sahihi inatosha kupokelewa, na tarehe ya kupokelewa ndiyo inayoanzisha hesabu, kwa hiyo kila siku ya kungoja ni hela inayopotea. Majibu hutoka ndani ya siku 30. Kama mapato yake ya mwezi hayafiki dola 150 na akiba haizidi 100, ni siku 7, na hapo kinachothibitishwa kwanza ni utambulisho tu. Mkataba wa nyumba si lazima. Apeleke barua ya huyo ndugu au ya shule ya watoto. Hata asiye na makazi kabisa anastahili.

Sasa sikilizeni linaloangusha watu: afunge faili la Kentucky, apewe barua inayoonyesha mwezi wa mwisho aliolipwa. SNAP hailipwi na majimbo mawili kwa mwezi mmoja, na kompyuta zao hulinganisha majina. Akidanganya kuhusu makazi ili alipwe kote, anafungiwa kupata SNAP kwa miaka 10. Kama Kentucky wameshaweka fedha za mwezi huu, azitumie hukohuko Ohio. Kadi ya EBT, ile inayowekewa fedha za msaada, inasoma nchi nzima. Ohio waanze mwezi ujao.

Medicaid asiicheleweshe. Kadi ya Kentucky hailipii matibabu ya kawaida Ohio.

MtuWaMafaili:
TANF nayo: kikomo cha shirikisho cha kulipwa miezi 60 kinamfuata anakokwenda, kwa hiyo aombe Kentucky hesabu ya miezi aliyokwisha kutumia. Ohio kikomo chake ni 36.

Kivuko:
Mbona wengine huambiwa wasubiri miaka mitano?

BiRehani:
Hiyo ni sheria ya shirikisho ya 1996 kwa baadhi ya wenye green card. Inahusu hali ya uhamiaji, wala kuhama jimbo hakuirudishi hesabu mwanzo. Huyu ni raia, haimgusi.

Vocha ya nyumba, yaani msaada wa kodi ya pango, ndiyo tofauti. Kama hukuwa mkazi wa eneo la mamlaka ya nyumba ulipoomba, wanaweza kukuzuia usihame nayo kwa miezi 12.

NyotaYaZiwa:
Shukrani sana. Karani akikataa tena?

MtuWaMafaili:
Asiondoke na jibu la mdomo. Aseme: "Pokea fomu yangu, igonge muhuri wa tarehe, kisha nipe uamuzi kwa maandishi." Kiingereza kikimsumbua, adai mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Barua ya kukataliwa ikitoka, kwa SNAP ana siku 90 za kuomba shauri lake lisikilizwe. Aiambatanishe na nakala ya fomu iliyogongwa muhuri, apeleke kwa wanasheria wa msaada wa bure wa eneo lake.