Treni ya Makambako–Mlimba: siombi SGR, naomba tu kuambiwa imefika wapi

MamaMatenga aliandika:

Habari za jioni wanajamvi. Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Mbeya.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Makambako. Nashusha viazi, kabichi na nyanya Mlimba kwa treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, narudi na mchele, na maembe yakiwa msimu narudi na maembe. Wanaoijua njia hii wanajua hatuna ujanja mwingine. Masika barabara ya Madeke ni tope la kumeza Fuso. Ukisema uzungukie Mikumi halafu ushuke Ifakara, nauli na ushuru vimekula faida kabla hujafungua gunia. Treni inapita humo humo milimani, mahandaki yote yale na daraja la Mpanga, inakufikisha na mzigo wako kwa nauli ya mtu wa hali yangu. Kwa hiyo asije mtu kusema naichukia treni.

Kuchelewa nimeshakuzoea. Kinachonimaliza ni kungoja bila kujua. Unafika stesheni na mzigo, dirisha la tiketi limefungwa. Unamuuliza mlinzi, anasema "inakuja". Kuli anasema imeharibikia Mlimba. Mama muuza chai anaapa kwamba imeshapita Uchindile tangu saa nane. Kila mtu na treni yake! Julai iliyopita, na baridi ya Makambako ya Julai mnaijua, tulikesha sakafuni mpaka alfajiri pamoja na wenye watoto wachanga. Kwangu ni mwendo mfupi wa bodaboda. Ningejua inaingia alfajiri ningelala kitandani, mzigo ningemwachia kijana wangu.

Upande wa Mlimba shida ni joto. Maembe yaliyoiva ukiyangojesha treni isiyojulikana, unapakia maembe unashusha juisi. Na yule wa guta anayekuja kunipokea anataka alipwe saa zake za kukaa, na ana haki.

Swali langu kwa wanaopanda au waliofanya kazi reli: hivi mkuu wa stesheni kweli hajui treni ilipo, au anajua ila hasemi? Na kama anajua, sisi abiria tufanyeje ili tuambiwe? Tafadhali msinijibu "hamia basi".

Mwana_Kitonga alijibu:

Umekataza basi, basi nakwambia hamia Fuso, hahaha.

Natania dada. Ila shukuru. Sisi wa Iringa mjini hata hiyo ya kuchelewa hatuna. Nikitaka kupanda treni, napanda kwanza basi nije huko kwenu Makambako. Wenzetu Dar hadi Dodoma wanakwenda na treni ya umeme tangu 2024, sisi tunapishana na malori pale Kitonga roho mkononi. Mimi nasema watuletee SGR, hiyo reli ya kisasa, mambo yaishe.

Mstaafu_wa_Njia alijibu:

Mama Matenga, salamu. Nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu, sasa nalima mpunga Igurusi. Jibu fupi la swali lako: anajua.

Njia yetu ni moja, treni za kwenda na za kurudi zinaitumia hiyo hiyo. Zinapishana stesheni tu, moja ikiingia njia ya pembeni kuipisha nyingine. Kwa sababu hiyo stesheni hairuhusu treni kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali kwamba kipande kilicho katikati yao ni kitupu. Treni ikitoka, saa inaandikwa daftarini huku na kule. Usingefanya hivyo ungekuwa unakutanisha injini mbili handakini. Sasa fikiria mwenyewe: treni inapoondoka stesheni ya jirani, habari imeshafika kwako kabla honi haijanyamaza. Ipo kwenye daftari, mita chache kutoka pale mlipolala sakafuni.

Asichokijua ni kitakachotokea mbele. Kutoka Mlimba kuja Makambako treni inapanda zaidi ya mita 1,000, kona juu ya kona. Injini ikiwa imechoka, inavuta kwa kusuasua. Mvua ikinyesha, udongo unashuka kwenye kingo, watu wa njia wanaweka amri ya mwendo wa taratibu, na amri ile inaweza kukaa muda mrefu. Labda kuna treni ya mizigo inapanda na lazima ipishwe. Hapo ndipo mtu wa stesheni anaogopa kutaja saa. Akikwambia saa kumi ikaja saa mbili usiku, utamkunja shati yeye, injini huwezi kuikunja. Mimi nimekunjwa sana. Ndiyo maana wanasema "inakuja", neno ambalo halijamfukuzisha mtu kazi.

Mwana_Kitonga, SGR haiunganishwi tu na reli hii kama bomba la maji. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067, SGR ni 1,435, na reli ya kati ya zamani ni 1,000. Hata pale Kidatu, reli ya zamani inapokutana na yetu, mzigo unashushwa behewa hili unapandishwa lile. Wachina na Watanzania na Wazambia walijenga kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kati ya 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba–Makambako ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote. Kuigeuza SGR ni kukijenga upya chote. Usingoje hilo ndipo uambiwe treni ilipo.

Kijana_Iyunga alijibu:

Shikamoo mzee, umetufungua macho. Mimi nasoma Mbeya, nimepanga Iyunga karibu na stesheni, honi ndiyo inaniamsha. Hili la kujua treni ilipo ni rahisi sana: unafunga kifaa cha GPS kwenye injini, unatengeneza programu ya simu, abiria anaiona treni kwenye ramani. Naweza kuianza hata likizo hii, tena bure.

MamaMatenga alijibu:

Marahaba kwa niaba ya mzee, mwanangu, na Mungu akubariki. Lakini ninaosafiri nao wengi wana simu za kitochi. Bibi anayepandia Uchindile na kuku wake hana ramani. Na ndani ya milima ile mtandao unakatika, hiyo treni yako itaonekana imesimama palepale nusu ya safari, watu waanze kulia kwamba imeanguka.

Mzee, nimesoma maneno yako mara mbili. Kumbe tulikuwa tunauliza swali baya! Sisi tunauliza "itafika saa ngapi", swali ambalo hata dereva hana jibu lake. Tungeuliza ilikopita. Basi mimi nataka ubao. Ubao mweusi na chaki, nje ya dirisha la tiketi, uandikwe yale tu ambayo tayari yako daftarini: imetoka Mlimba saa tisa na dakika arobaini, imetoka Uchindile saa fulani, imeingia kupisha mizigo stesheni fulani. Asiandike itafika lini, hata kidogo. Hesabu nitapiga mwenyewe. Njia hii naijua, nikiona imeshatoka Uchindile najua kama nirudi nyumbani nikapike au nianze kumtafuta kuli. Na hakuna wa kumkunja mtu shati kwa jambo lililokwisha kutokea.

Chaki nanunua mimi.

Boda_Tunduma alijibu:

Mnahangaika na chaki wakati mabilioni yanakuja. Septemba 2024 Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi walishuhudia Beijing yakisainiwa makubaliano ya kuifufua reli hii. Vuteni subira, injini mpya zitakuja na kila kitu kitanyooka.

MamaMatenga alijibu:

Zije, tutapiga vigelegele. Lakini kaka, wewe uko mpakani, unajua foleni ya malori pale Tunduma imebeba nini. Shaba. Anayeleta fedha zake anaifuata shaba, wala simlaumu, biashara ndivyo ilivyo. Wasiwasi wangu ni kwamba treni za mizigo zikiongezeka kwenye njia hiyo moja, ya kukaa pembeni kupisha itakuwa yetu yenye kabichi. Hapo ndipo ubao utahitajika zaidi.

Mlimba_Kwetu alijibu:

Mimi niko upande wa chini na naomba nipingane kidogo. Ubao sawa, lakini gizani utausoma na nini? Kwetu taa kwanza. Stesheni ndogo treni inasimama dakika chache, behewa la mizigo linabaki huko nyuma nje ya jukwaa, unashusha gunia kwenye kokoto kwa tochi ya simu huku treni inapiga honi ya kuondoka. Mjomba wangu aliteguka mguu hivyo, na gunia likapasuka.

Mngeomba hili pia: behewa la mizigo lisimame mahali palepale kila siku, na pachorwe alama ya rangi tujue pa kungojea na magunia yetu. Sasa hivi treni ikiingia watu wanakimbia nayo huku wamebeba, mama na mtoto mgongoni yumo humo humo.

MamaMatenga alijibu:

Hilo la alama ni zuri kuliko ubao wangu, nakiri kwa shingo upande. Makambako tuna jukwaa refu, lakini na sisi tunakimbia. Taa sijui, zina gharama na umeme wake. Rangi na chaki ni vitu vya dukani.

Mstaafu_wa_Njia alijibu:

Alama ya rangi si ngumu ikiwa mabehewa yanapangwa kwa utaratibu uleule. Yakigeuzwa, behewa la mizigo linakuja mbele badala ya nyuma, mtakuwa mmesimama upande usio wake. Ombeni basi na hilo liandikwe ubaoni: mizigo mbele, au mizigo nyuma. Anayeipokea treni analijua mapema.

Sasa nisikilizeni namna ya kuandika, maana nimezipokea barua hizi miaka mingi. Barua inayoanza na "huduma ni mbovu" inaingia kwenye faili na faili linaingia kabatini. Andikeni mnachotaka, kiwe kidogo, na mtaje nani afanye. Ubao mmoja, uwekwe wapi, uandikwe na nani, kila treni inapotoka stesheni ya jirani. Mkuu wa stesheni apewe yeye kwanza, mkononi, kwa heshima, asije akaisikia juu ya kichwa chake. Nakala ipelekeni baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC, kazi yao ni kusikiliza abiria. Wafanyabiashara wote wa mizigo mtie sahihi, pande zote mbili, Makambako na Mlimba. Sahihi za upande mmoja zinaonekana ni ugomvi wa stesheni moja.

Mwana_Kitonga alijibu:

Na sisi tusio na treni tutie sahihi wapi?

MamaMatenga alijibu:

Wewe njoo Makambako na basi lako, utatia ya abiria wa mbali.

Mzee, asante sana. Naandika rasimu wiki hii, nitaibandika hapa muiangalie. Mlimba_Kwetu, niandikie aya moja ya taa na moja ya alama ya behewa, na utafute watu wa kutia sahihi huko chini, mimi nikishuka na viazi nitaichukua karatasi. Kijana wa Iyunga, ile programu usiitupe, ila kwanza nisaidie kuichapa hii barua, mwandiko wangu mbaya.