Tangi la maji chumvi hapa Mbeya: lita 60, lita 200, au nibaki na samaki wa Ziwa Nyasa?

Kijana wa Forest (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Nataka kuingia kwenye tangi la maji chumvi lenye matumbawe hai, si samaki peke yao. Uzoefu wangu ni gapi na samaki wa dhahabu, basi. Njia ninazoziona ni tatu, na kila ninayemuuliza ananivutia upande wake.

Kuna tangi la lita 60 linalouzwa Dar likiwa kamili, chujio na taa vyote ndani. Au fundi vioo wa Mwanjelwa anitengenezee la lita 200, na sampu yake chini, yaani lile tangi dogo la chujio ambalo maji yanashukia na kupandishwa tena. Ya tatu ni ya shemeji yangu: anasema niachane na bahari, Matema ipo hapo chini tu, nichukue samaki wa Nyasa wenye rangi zao nitulie.

Nyumba ni ya kupanga, na mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Umeme ni LUKU. Naomba hoja, msiniambie "utaweza tu mkuu".

Msafiri wa Pwani (Tanga)

Chukua lita 200, mkuu. Wengi wanadhani tangi dogo ndilo la mwanafunzi, kumbe kwenye maji chumvi dogo ndilo linalosumbua. Maji yanavukiza, chumvi inabaki. Tuseme lita 60 zimepungua lita moja na nusu kwa siku: chumvi iliyokuwa gramu 35 kwa lita imekaribia 36. Ukisafiri siku mbili bila mtu wa kujazia, umefika karibu 37. Kwenye lita 200, hata zikiondoka lita tatu, unatoka 35 kwenda 35.5 tu.

Na huko kwenu uvukizaji ni mkali kuliko huku. Chumba kina baridi, hewa ya kiangazi ni kavu, maji ya tangi yana nyuzi 25. Kinachorudishwa ni maji safi yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Ukijazia maji ya chumvi unazidisha tatizo lilelile.

Dada wa Kihesa (Iringa)

Kamwene wote. Kaka wa Tanga kasema kweli juu ya chumvi, ila anaongea kama mtu ambaye hajawahi kulalia blanketi mbili. Kwenu mnahangaika kupoza maji. Sisi huku tunahangaika kuyapasha, na hiyo ndiyo gharama itakayokuja kila mwezi baada ya tangi kununuliwa.

Piga hesabu. Chumba kinashuka mpaka nyuzi 13 usiku, tangi linataka 25. Kwa lita 200 utahitaji hita mbili za wati 200. Zikiwaka zote mbili jumla ya saa tisa kwa siku, hiyo ni units 3.6. Taa ya wati 100 kwa saa nane, 0.8. Pampu za wati 30 usiku na mchana, 0.7. Ni units 5 hivi kwa siku, 150 kwa mwezi, na hujapiga pasi wala kuwasha friji. Kama sasa hivi uko kwenye ile bei ya wateja wadogo wa units 75 kwa mwezi, tangi peke yake litakutoa humo.

Inapunguzika. Bandika foam nene nyuma na ubavuni, funika juu kwa kioo lakini acha uwazi wa kupumulia. Na usinunue hita moja kubwa badala ya mbili. Hita ikigoma kuzima, ile moja kubwa inawachemsha wote. Ndogo haina nguvu hiyo, na ikifa, mwenzake anashikilia.

Mimi ningekwenda katikati, lita 120 bila sampu.

Mla Kande (Njombe)

Samahani wakuu, swali la mtu wa nje. Hiyo chumvi ya tangi ya nini wakati chumvi ya Bagamoyo imejaa sokoni? Si ndiyo bahari yenyewe iliyokaushwa juani?

Mwalimu wa Kemia (Makambako)

Swali zuri, na wengi hawaulizi, wanajaribu tu. Hapana, mkuu. Bahari ikikauka kwenye mabwawa ya chumvi haishuki yote kwa pamoja. Chokaa inatangulia kuganda chini, inafuata jasi, ndipo chumvi yenyewe. Magnesiamu inabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho ambayo mvunaji anayamwaga. Unachonunua sokoni ni karibu kloridi ya sodiamu tupu, halafu kikaongezewa iodini.

Samaki mgumu anaweza kuvumilia kwa muda. Tumbawe haliwezi, kwa sababu mifupa yake inajengwa kwa kalsiamu na kaboneti kutoka kwenye maji. Unalenga kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1250 hadi 1350, alkalini, yaani uwezo wa maji kushikilia pH, 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH. Chumvi ya tangi imechanganywa ifikie hapo. Gramu 35 kwa lita, kwa hiyo mfuko wa kilo 20 unatoa lita 570 hivi. Ukibadilisha lita 20 kila wiki, ni gramu 700. Pima kwa refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji, usome 1.025 au 1.026. Ulimi si kipimo.

Sasa maji ya kuchanganyia. Hapa ndipo watu wa nyanda za juu tunajidanganya kwamba maji yetu ya mlimani ni safi. Ni safi kwa kunywa. Mwani haujali hilo, unachohitaji ni nitrati na fosfeti kidogo tu. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye mabati yanabeba zinki, nayo ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe. Ukiweza, tafuta mashine ndogo ya kuchuja kwa utando, yenye kichujio cha resini mwishoni, usome sifuri kwenye kipima madini. Maji ya madumu ya duka la maji ya kunywa nayo yapime kwanza, maana wengine huyarudishia madini ili yapate ladha.

Dereva wa Tunduma

Mbona mnazunguka sana? Magari yanapanda kutoka Dar kila siku. Madumu kumi ya lita 20, tangi limejaa maji ya bahari ya kweli.

Msafiri wa Pwani (Tanga)

Wapo wanaofanya hivyo na yanakubali, mkuu, ila yasichotwe karibu na bandari wala mdomo wa Mto Msimbazi. Yachotwe nje kidogo, maji yakiwa yamejaa, siku isiyo na mvua, kwenye madumu ambayo hayajawahi kuona mafuta. Ubaya ni kwamba huli mara moja ukashiba. Kila wiki dumu moja, zaidi ya kilomita 800 za barabara. Siku gari likikwama unabaki unalitazama tangi.

Mkyela Halisi (Kyela)

Ugonile! Mmeandika kurasa nzima za kemia, hakuna aliyemjibu shemeji wa kijana.

Nyasa ina mamia ya aina za samaki jamii ya sikilidi, nyingi hazipatikani kokote duniani isipokuwa humo. Mbuna, wale wa kwenye miamba, wana bluu na njano ambayo wageni wanaidhania ni ya baharini. Maji yao hayana chumvi, nyuzi 24 hadi 28, pH kati ya 7.7 na 8.6. Hakuna skima ya kutoa uchafu kwa povu, hakuna refraktomita, hakuna kuagiza mfuko wa chumvi. Kutoka Matema mpaka Mbeya ni safari ya nusu siku, samaki anafika akiwa bado na nguvu. Yule wa bahari anapita joto la Mikumi halafu baridi ya Mafinga na Makambako ndani ya boksi moja.

Ila wakorofi. Ukiweka wawili watatu, mkubwa atawaua wengine. Waweke wengi kwa pamoja, mawe mengi yenye mapango, na chujio lenye nguvu. Na usijivulie kiholela, pita kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Kijana wa Forest (Mbeya)

Nashukuru sana. Mzee wa Kyela umenitikisa kidogo. Maswali mawili. Mawe ya chokaa ya Songwe, yale yanayokatwa kule kwenye chemchemi za moto, yanafaa badala ya mawe ya baharini? Na umeme ukikatika usiku nifanye nini?

Mwalimu wa Kemia (Makambako)

Kwa mbuna yanafaa, tena yanasaidia, kwa sababu maji ya mlimani ni mepesi na chokaa inayeyuka taratibu ikishikilia pH. Kwenye maji ya bahari yenye pH ya 8.2 hiyo chokaa haiyeyuki kwa kiwango cha maana, kwa hiyo usitegemee ikulishe matumbawe. Tena jiwe la tangi la matumbawe linathaminiwa kwa vitundu vyake, ndimo bakteria wanaokula amonia wanamoishi. La Songwe mara nyingi limeshikamana. Lichukue kama msingi wa chini, juu weka mawe yenye matundu.

Dada wa Kihesa (Iringa)

Kuhusu umeme: kinachoua kwanza ni kukosa hewa, joto linafuata baadaye. Lita 200 zilizofunikwa blanketi hazipoi haraka, lakini pampu zikisimama oksijeni inaisha. Na huku juu tunaanza tukiwa na upungufu. Kwenye mita 1700, hewa ni nyembamba, na maji yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar kwa joto lilelile. Kwa hiyo usijaze samaki kwa idadi unayosoma kwenye kurasa za wazungu. Nunua pampu ya hewa inayojiwasha yenyewe kwa betri umeme ukikata. Hiyo inatangulia taa ya bei kali.

Jambo jingine la kwetu: jiko la mkaa ndani ya chumba cha tangi, hapana. Kaboni dioksidi inazama kwenye maji na pH inashuka, achilia mbali wewe mwenyewe kutoamka. Na dawa ya mbu ya kupuliza itamaliza kamba na kaa kabla ya mbu.

Msafiri wa Pwani (Tanga)

Mawe: mtu asikudanganye akung'olee matumbawe hai ufukweni. Hifadhi za bahari zinalindwa kwa sheria ya 1994, na matumbawe yenye mifupa yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo biashara yake ya kuvuka mipaka inadai vibali. Nunua vipande vilivyokatwa kwenye tangi la mtu mwingine, vinakua vizuri kuliko vya kung'olewa.

Kwa kuanzia chukua matumbawe laini. Sarcophyton, mmoja wa hao laini, ni mvumilivu, anakubali taa ya kawaida na kosa dogo la chumvi. Yale magumu ya matawi mwachie mwenye alkalini isiyoyumba. Zoanthus ni mazuri na rahisi, lakini baadhi ya jamaa zake wana palitoksini, sumu kali mno. Vaa glavu na miwani. Na jiwe lenye hayo usilichemshe kamwe jikoni eti unalisafisha. Mvuke wake umewahi kupeleka familia nzima hospitali huko ng'ambo.

Mla Kande (Njombe)

Duh. Mimi nabaki na sato wangu bwawani.

Kijana wa Forest (Mbeya)

Nimewaza. La lita 60 nimelifuta. Lita 200, matumbawe laini, samaki wawili wa chungwa wenye mistari mieupe, konokono kadhaa. Sampu naiacha kwanza, na mpaka pampu ya betri ipatikane sinunui kiumbe. Shemeji atanisamehe.

Mkyela Halisi (Kyela)

Bado nasema unaanza kwenye ngazi ya juu. Bili ya mwezi wa saba ikija, namba zangu unazo.

Dada wa Kihesa (Iringa)

Sampu usiiache, kijana. Nilipendekeza kuiacha kwa lita 120, si kwa 200. Maji yanayomwagika kwenda chini na kurudi ndiyo yanayokuingizia hewa, na hita zinajificha humo zisiunguze konokono. Halafu hita ziwake tangu siku ya kwanza, hata kabla ya samaki. Bakteria wa amonia kwenye maji ya nyuzi 15 wanajivuta sana. Tupia kipande cha kamba mbichi wa baharini kioze, bakteria wapate amonia ya kula, subiri wiki nne mpaka sita, upime mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Chujio kukaa bila samaki muda wote huo si hasara.

Fundi Kioo Mwanjelwa

Nimeletewa uzi huu na mteja, nadhani ni wewe. Sentimita 90 kwa 45 kwa kimo cha 50 ndiyo lita 200 na mbili. Kioo milimita 10, mkanda wa kioo juu kuzunguka, silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Ukiniletea ile ya bafuni nairudisha. Likijaa na mawe ni kama kilo 300, kwa hiyo stendi ya chuma, na uangalie sakafu imenyooka. Nyumba nyingi za huko Forest zina mteremko wa mlangoni. Kati ya kioo na stendi weka foam ya sentimita moja. Silikoni naiachia wiki nzima ndipo naijaza maji hapa kwangu tuone kama inavuja, kabla hujabeba.

Sampu unaitaka au huitaki? Nikishatoboa kioo cha nyuma siwezi kurudisha tundu.

Kijana wa Forest (Mbeya)

Toboa, fundi. Nakuja Jumamosi na vipimo vya mlango.