Mkojo unabaki kibofuni hata baada ya katheta: naomba ushauri

Dada wa Kihonda
Habari zenu, ndugu zangu. Kaka yangu aliumia uti wa mgongo alipoanguka kutoka kwenye mnazi, na sasa anajitoa mkojo mwenyewe kwa katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa hadi kibofuni, mara nne kwa siku. Mkojo ukikatika huchomoa mpira papo hapo, lakini ultrasaundi imeonyesha kwamba mwingi unabaki, na maambukizi yanamrudia kila amalizapo dawa. Je, tatizo ni mpira au ni namna anavyoutumia?

Mzee wa Kiti Mwendo
Pole sana, dada yangu. Mkojo kukatika si dalili kwamba kibofu kimekwisha. Matundu ya katheta yako ubavuni, karibu na ncha, kwa hiyo mpira ukiwa umeingia mbali matundu hukaa juu ya mkojo uliotuama karibu na shingo ya kibofu. Aketi wima ikiwa anaweza, na mkojo ukikoma avute mpira taratibu, kama sentimita moja, kisha asubiri. Ukianza kutoka tena atulie hapo hapo mpaka ukome, ndipo aendelee kuvuta. Mimi hufanya hivyo hadi tone la mwisho, nami sioni sababu ya kuharakisha.

Muuguzi Mstaafu
Mzee amesema kweli. Mwanangu, pimeni kila anachotoa kwa jagi lenye alama: kikizidi mililita 500, aongeze mara za kujitoa mkojo, asipunguze maji ya kunywa bila kuelekezwa na daktari. Daktari wa njia ya mkojo Jack Lapides wa Michigan alieleza mwaka 1972 kwamba mikono safi inatosha bila vifaa vilivyotakaswa kama vya upasuaji, kwa sababu tatizo kubwa ni kibofu kilichovimba kupita kiasi, ambacho hupungukiwa damu na kushindwa kupambana na vijidudu. Asikandamize tumbo kwa nguvu, maana mkojo unaweza kurudi kwenye figo. Mkojo uoteshwe maabara, ijulikane ni vijidudu gani, kabla ya kuanza dawa nyingine.

Dada wa Kihonda
Asanteni sana. Ameumia juu kidogo ya chuchu, na wakati mwingine kichwa humgonga huku akitoka jasho usoni.

Muuguzi Mstaafu
Hilo ni la dharura, mwanangu, kwani kwa aliyeumia juu kiasi hicho kibofu kilichojaa hupandisha shinikizo la damu ghafla. Likitokea, mketisheni wima, mlegezeeni nguo, mtoeni mkojo mara moja, na dalili zisipoisha mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi. Hata zikiisha, daktari wake aelezwe wiki hii hii.