Mama ameletewa waridi LAKE MWENYEWE, na mimi nimelipa 2,500!

BintiMkomani ameanzisha uzi:

Assalaam alaykum wanabaraza, na kama salamu yangu haina ladha mnisamehe, hapa nilipo natetemeka mpaka vidole vinagonga herufi nisizoziita. Simtaji mtu. Hamna haja nimtaje, mnamjua. Ni yule yule. Akipita usita wa pwani, ile njia ya mbele ya bahari hapo Lamu, hata paka wanakusanya mali zao.

Mama ametolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia. Miaka amekaa na ukungu, akitujua kwa sauti na kwa mwendo, na juzi bandeji imetoka, anaona. Mimi niko Nairobi, ruhusa kazini sina, nikasema nimtumie kitu cha kutazama kwa jicho jipya. Kikuba cha asumini hakifiki asubuhi. Na maua ya kukata nimeshajifunza: ukiyapakia basini Mombasa, Malindi yameshafunguka, Garsen yamelegea, Witu yanaomba maji, yakishuka Mokowe kungoja boti ya Lamu ni mchicha. Nikataka waridi la kopo, lenye mizizi, likae naye.

Nikampigia huyo mnayemjua. "Dada, umefika," akaniambia. Ana waridi jekundu, la Naivasha, limeshuka uwanja wa Manda na ndege asubuhi hiyo hiyo. Shilingi 2,500, pamoja na utepe, kadi na kijana wa kulibeba mpaka mlangoni. Nikatuma M-Pesa kabla hajameza mate.

Saa kumi jioni mama anapiga. Nimekaa mkao wa kupokea dua. Mama akasema, kwa upole wake ule:

"Mwanangu, ahsante. Waridi langu limerudi."

LIMERUDI.

Nikamwambia mama, hapana, hilo ni jipya, nimekununulia mimi. Akanyamaza kidogo. "Jipya ni utepe," akasema. "Waridi ni langu. Yana usiku nimelitia mai kwa mkono wangu."

Jamani! Mama ana waridi moja duniani. Limo kwenye kopo la rangi la lita nne, amelipaka kijani ile iliyobaki ya dirisha, chini lina matundu matatu ya msumari. Mchana hulificha kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, lisiungue, alasiri huliweka dakani mbele ya mlango lipigwe na upepo. Halipewi maji ya kisima, halipendi chumvi, linakunywa maji matamu ya Shela kama mgonjwa wa hospitali ya kulipia. Shina lilikuwa linaegemea, akalifunga kwa kipande cha leso yake ya zamani. Sasa sikilizeni: yule bwana amefunga utepe wake mwekundu JUU YA LESO YA MAMA. Hakutoa hata leso! Na juu ya udongo, mama anasema, bado yako makapi ya chai aliyoyamwaga usiku.

Amechukua waridi dakani, amezunguka nalo pembe mbili za mtaa, amelirudisha mlango ule ule, akabisha hodi, akasema "Mzigo kutoka Nairobi." Na kadi imeandikwa "Ugua pole Baba". Baba! Baba yangu marehemu, Mungu amrehemu, angeisoma hiyo angefufuka amtafute.

Nikampigia. Mnajua alinijibu nini? "Dada, Lamu mji mdogo. Waridi huzunguka."

Huzunguka! Kwani ni sahani ya futari?

Mama hajakasirika, hilo ndilo linalonimaliza. Amemkaribisha yule kijana maji ya ndimu. Jicho limefunguliwa juzi, kitu cha kwanza kuletewa alitazame ni waridi lake mwenyewe limevishwa kilemba, na bado anasema ahsante. Limerudi, anasema. Kama limetoka Hija.

---

PundaMzee: Kwa hiyo umelipa 2,500 ukalipeleka waridi la mamako matembezi. Walau lilifika Shela likaona bahari?

KasaWaManda: Mimi nimefurahi, jicho limepona kabisa. Mgonjwa ametambua kopo, leso na makapi ya chai. Daktari huyo anastahili waridi. Ila muulizeni mama kwanza kama lipo.

BintiMkomani: Chekeni tu. Siku yenu yaja. JUU YA LESO, nasema.

MwanaLangoni: Swali dogo dada. Kabla ya kulipa, ulitumiwa picha?

BintiMkomani: Nilitumiwa.

MwanaLangoni: Ukasema nini?

BintiMkomani: Nilisema masha Allah, zuri.

MwanaLangoni: Kopo la kijani. Lililokaa mbele ya mlango wenu. Na leso ya mamako. Ukasema masha Allah, zuri.

ChaiYaMkandaa: Yallaaaah! Mwenye jicho zima ni mama, mtoto wa jicho yuko Nairobi!

BintiMkomani: Sijafika nyumbani tangu Maulidi ya mwaka juzi! Na picha ilipigwa kwa karibu, imeonyesha ua tu! Mbona mnanigeukia mimi? Mwizi nani hapa?

PundaMzee: Mwizi anamtembelea mama kila siku. Wewe tangu mwaka juzi. Nasema tu.

BintiMkomani: Hilo limeniingia. Lakini wewe, mzee, shika adabu.

BaharuWaBara: Mimi sioni kosa. Uliagiza waridi, limeletwa waridi. Jekundu ulilotaka. Limefika siku hiyo hiyo. Mimi niliagiza kiatu, wiki ya tatu hii sijaona hata kamba.

KasaWaManda: Na wewe kiatu chako kitafute miguuni mwa huyo huyo.

MuungwanaWaShela: Kwa heshima zote, tatizo limeanzia mbali. Tangu lini mtu wa Lamu akapelekewa ua kwenye kopo na kadi? Mzazi wetu hupelekewa kikuba. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado vitumba, ikafungwa na rehani, ukapata na kilua na waridi kidogo, mwanamke akaweka kifuani au nyweleni, na usiku ikifunguka nyumba nzima inanukia. Ua la utepe mnalitazama kwa macho, la kwetu hunuswa. Ungemtuma mpwa wako mmoja akafunge vikuba viwili, mama angelala ananukia na 2,500 yako ingebaki.

ChaiYaMkandaa: Mzee umesema kweli, lakini kikuba chenyewe sasa utapata wapi bila kuomba kwa watu? Mwasumini wa jirani yangu mie siuoni tena, wameujengea choo cha wageni.

BintiMkomani: Ahsante mzee, nimekusikia. Lakini kikuba asubuhi ni majani makavu, na mimi nilitaka kitu cha kukaa. Na angalieni, hata waridi la kutia kwenye hicho kikuba lingetoka kwenye kopo lile lile! Mimi sipati usingizi. "Jipya ni utepe." Mama yangu kasema hivyo.

MalindiKwetu: Nyie mnalia kwa waridi lililorudi? Ngojeni mimi. Mke wangu kajifungua, mtoto wa kwanza. Niko kazini Kilifi, nikaagiza shada la maua limfikie nyumbani Malindi. Nikasema "shada kubwa la heshima". Wakaleta lile la duara, la msibani, lenye miguu mitatu ya waya! Tuktuk ikalishusha mlangoni likasimama lenyewe. Mama mkwe katoka ndani, kaliona, hakuuliza. Kakaa chini pale pale kwenye mchanga akaanza kulia jina langu. Majirani wameshaanza kukunja mikeka kuja tanga. Mimi nimepigiwa simu nithibitishe kama niko hai, na aliyepiga hakuniamini.

PundaMzee: Lenye miguu mitatu!

MwanaLangoni: Nimecheka mpaka mke wangu kaja kusoma. Sasa anauliza mbona yeye alipojifungua sikuleta hata lenye mguu mmoja.

MalindiKwetu: Na pesa hawakurudisha. Walisema shada la msiba ni ghali kuliko la uzazi, kwa hiyo mimi ndiye niliyepata faida.

KasaWaManda: Malindi walau tuktuk inafika mlangoni. Huku kwetu mzigo ushuke basi Mokowe, upande boti, ushuke gatini, utafutiwe punda au mkokoteni, na kila anayegusa anataka chake. Nilimpelekea dadangu mche wa mpapai. Hadi unafika mtaani Mkomani ningeweza kula mapapai ya duka mwaka mzima.

MalindiKwetu: Tuktuk za Malindi usizisifu. Mvua ikinyesha nusu saa nauli inageuka ya ndege.

MtuWaMokowe: Sisi wa Mokowe mnatutukana kila uzi. Mzigo una uzito, una nafasi, mafuta yamepanda. Kopo la udongo linakaa nafasi ya abiria na halipigi hata stori.

KasaWaManda: Nafasi ya abiria! Mche wangu nilioupakata mwenyewe magotini ukatozwa! Kwani na magoti mnatoza?

MtuWaMokowe: Kama magoti yako yamo ndani ya boti, yanatozwa.

BintiMkomani: Jamani, waridi. Uzi ni wa waridi.

ChaiYaMkandaa: Tumekusikia dada, limerudi. Wewe MtuWaMokowe, hebu eleza na ile ya mwezi uliopita: gunia la mkaa limelipa kiti, halafu mimi mwenye gunia nimesimama.

MtuWaMokowe: Gunia lilitangulia.

MuungwanaWaShela: Zamani mtu ukimpa nahodha mzigo wa mzazi wako, analipwa dua. Leo unatozwa mpaka kivuli.

PundaMzee: Mzee, zamani hizo ulikuwa unapiga makasia wewe.

MalindiKwetu: Mwenye kujua fundi wa kukunja yale maguu ya waya aniambie. Lile shada bado liko uani. Nimejaribu kulitoa, mama mkwe anasema tusiliguse, huenda likahitajika, na akisema hivyo ananitazama mimi.

BaharuWaBara: Samahani natoka nje kidogo ya mada. Boti ya mwisho kutoka Mokowe leo saa ngapi? Nimechelewa hapa Hindi, jirani na Mokowe, nina godoro na kuku wawili.

MtuWaMokowe: Ukiwahi kabla ya magharibi utapata. Godoro linalipa. Kuku tutaongea.

KasaWaManda: Kuku ukiwashusha gatini usimpe mtu yeyote akushikie. Hata dakika moja.

BaharuWaBara: Kwa nini?

KasaWaManda: Utawanunua tena.