Mtoto wa marehemu dadangu yuko Lamu, nitamletaje huku?

Binti Langoni, Columbus (Ohio)

Assalam aleikum nyote wa Lamu na Malindi mlio huku nje. Naandika usiku huu usingizi umenipaa. Dadangu alifariki mwaka juzi akaacha kitoto cha kike, sasa ana miaka minne, yuko na mamangu pale Langoni, na mama magoti hayamwezi tena, zile ngazi za nyumba zetu mwazijua wenyewe, na mtoto mwenyewe hakai, ukigeuka ashafika kwenye gati anaangalia mashua. Babake yuko hai, ni mvuvi, kaoa kwengine, asema nimchukue tu. Mimi na bwana yangu hatujajaaliwa mtoto. Bwana ashapata uraia wa huku, mimi nina pasipoti ya Kenya na grini kadi. Sasa kuna mtu Mombasa asema atanyoosha kila kitu, mahakama mpaka viza, laki tatu na nusu, miezi miwili mtoto yuko Ohio. Ataka nusu kabla ya Ijumaa. Mimi najiambia, mimi Mkenya, mtoto ni damu yangu, kwani hii nayo yahesabiwa kuasili mtoto kimataifa? Nishaurini tafadhali.

Mwana wa Maweni, Bergamo

Waalaikum salaam dadangu, pole sana kwa msiba. Kwanza hiyo pesa usitume. Pili, ndio, yahesabiwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kuna mkataba wa Hague wa 1993 wa kulinda watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyengine, Kenya iliingia 2007, Marekani ulianza kutumika kwao Aprili 2008. Ule mkataba hauulizi una pasipoti gani wala mtoto ni damu ya nani, wauliza mtoto anaishi wapi na wewe unaishi wapi. Mtoto Lamu, wewe Ohio, basi ni nchi mbili zinazungumza, hata kama wewe ulizaliwa nyumba ya pili kutoka kwa huyo mtoto.

Na mazungumzo yanaanzia huko unakoishi, si Mombasa. Unaomba kwa mamlaka ya nchi yako ya makazi, wanakukagua nyumba, kipato, afya, rekodi ya polisi, wakiridhika wao ndio wanaopeleka faili lako Kenya. Sisi wengi twafanya kinyume, twaenda likizo Desemba, twapata hati ya mahakama, twarudi nayo kwa furaha, ubalozi unatuambia hii karatasi imekuja mgongo mbele.

Mimi haya nimeyapitia. Mke wangu Mtaliano, tukapata ile hukumu ya kwamba twafaa kuasili kutoka mahakama ya watoto ya hapa, maana Italia huendi mbele bila hiyo, halafu ni lazima upitie shirika lililoidhinishwa na ile tume ya serikali yao, huruhusiwi kujitafutia mwenyewe. Sawa. Tukasubiri. Novemba 2014 baraza la mawaziri Nairobi likasimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya, wakisema kuna biashara ya watoto imejificha humo ndani. Siwalaumu kwa kusema hivyo, sisi tuliokulia Malindi twajua watalii walivyokuwa wakizoeana na watoto pwani pale. Lakini mke wangu alikuwa keshapaka rangi chumba. Septemba 2019 baraza likatoa tena amri ya kuzuia wageni, wakati huo kile chumba tushakifanya stoo.

Mtoto wa Shela, Minneapolis

Hahaa huyo wa laki tatu na nusu mimi namjua, au ni pacha wake, kwetu alisema laki mbili akamtaja mpaka mtu wa ubalozi ambaye eti walisoma pamoja. Tulipomuomba risiti simu ikafa. Miezi miwili?? Hata kitambulisho cha taifa wakati mwengine hakitoki kwa miezi miwili.

Karani, Malindi

Niko nyumbani mimi, nimefanya kazi kwa mawakili hapa Malindi miaka mingi, kwa hivyo nisemee upande huu. Sheria ya watoto ya 2001 ilibadilishwa, sasa tunatumia ya 2022, na kazi ya ile kamati ya uasili ya zamani iko kwa Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Kwa hivyo akikujia mtu na fomu za jina la kamati ya zamani ujue anauza karatasi za kufungia mandazi.

Mama, kabla hujafanya lolote waandikie hao Baraza, waulize kwa jamaa anayeishi nje mlango uko vipi wakati huu, wakujibu kwa maandishi, kisha jibu hilo umpe wakili. Amri za serikali kuhusu jambo hili zimekuja na kurudi, usikubali neno la mdomo la mtu yeyote, hata langu.

Halafu yule baba mvuvi. Kusema "mchukue tu" barazani baada ya kahawa si ridhaa. Inatakikana maandishi, aelezwe maana yake kwamba haki za uzazi zinamtoka, na asiwe amepewa kitu. Mkataba wenyewe wakataza ridhaa ya kulipwa. Nimeona faili zuri likaharibika kwa sababu mjomba wa huko nje alimtumia baba mtoto elfu ishirini ya nyavu kwa M-Pesa wiki ile ile ya kutia sahihi, nia njema kabisa, lakini ieleze sasa mbele ya jaji. Tafuteni pia cheti cha kifo cha dadako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na jina la mama liandikwe sawasawa kwenye vyote viwili, maana kwetu mtu mmoja ana majina matatu. Na mama yenu amuone afisa wa watoto hapo Lamu, ni bure.

Bi Mkubwa wa Mkomani, Leicester

Wanangu mwasema ya serikali lakini hamjasema ya dini. Mtoto huyu ana babake, nasaba yake haibadilishwi, Suratul Ahzab yatwambia tuwaite kwa baba zao. Sisi kwetu ni kafala, unamlea, unamsomesha, unampenda kama wako, jina libaki la babake, na kwenye mirathi unaweza kumuusia mpaka theluthi ya mali yako. Sheria yetu ya 2022 imeitambua kafala, na mkataba wa haki za watoto wa umoja wa mataifa umeitaja. Kwa nini mtoto wa Kiamu apelekwe kubadilishwa jina?

Mwana wa Maweni, Bergamo

Bi Mkubwa shikamoo, kwa dini umesema kweli tupu na sina la kuongeza. Tatizo liko uwanja wa ndege. Kafala ni malezi, haimfanyi mtoto kuwa mwanao kisheria, na viza nyingi za mtoto huku Ulaya zataka awe mwanao. Mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua Machi 2019, kesi ya mtoto wa Algeria aliyelelewa kwa kafala na mume na mke wanaoishi Uingereza, majaji wakasema si mtoto wao wa moja kwa moja, lakini aangaliwe kama mtu mwengine wa familia na nchi ipime maslahi yake. Yaani dirisha liliachwa wazi kidogo, mlango wenyewe ukabaki umefungwa. Na huko kwenu Uingereza kumleta mtoto uliyemuasili nje katika miezi 12 iliyopita bila kufuata masharti ni kosa la jinai, hata awe mpwa wako, sheria ya 2002. Msije mkamponza mtu kwa ushauri wa msikitini.

Bi Mkubwa wa Mkomani, Leicester

Marahaba. Sijamponza mtu, nimesema dini. Lakini nimekusikia.

Binti Langoni, Columbus

Sasa mwanitia wasiwasi zaidi. Kwa hivyo nchi zote mbili zimo kwenye mkataba na bado haitoshi?

Mwana wa Maweni, Bergamo

Haitoshi. Nchi inapojiunga baadaye kama Kenya, zile nyengine zina haki ya kupinga, na ikipinga basi mkataba haufanyi kazi kati ya hizo mbili. Na hata wasipopinga, hakuna anayelazimishwa kutoa watoto wala kupokea. Ethiopia ilifunga kwa wageni 2018. China ilitangaza 2024 haitoi tena isipokuwa kwa jamaa wa karibu. Uholanzi nao mwaka huo huo wakasema wanaipunguza mpaka iishe. Huko Marekani bwanako ndiye muombaji kwa sababu ya uraia, kuna fomu ya I-800A, ya kukaguliwa nyinyi wazazi, inakuja kwanza kabla ya kufanya lolote kuhusu mtoto, halafu I-800 ya mtoto mwenyewe, na umri usipite 16. Miaka minne una muda, usikimbizwe na Ijumaa ya mtu.

Mtoto wa Shela, Minneapolis

Shangazi yangu na mumewe ambaye ni raia wa huku walifanya njia nyengine, walirudi kuishi Lamu wakapanga nyumba, kazi zao ni za kompyuta, wakaasili hapo kama wakaazi wakakaa na mtoto zaidi ya miaka miwili ndipo wakaombea viza. Ilikubaliwa kwa sababu wakati ule makazi yao yalikuwa Lamu kweli, si ya kuandika. Si kila mtu aweza, kodi ya nyumba mbili yakula mtu.

Binti Langoni, Columbus

Bwana yangu ni dereva wa lori, hiyo ya kompyuta haituhusu, lakini ahsanteni. Nimemwambia yule mtu wa Mombasa sitatuma, akanitukana, kisha baada ya nusu saa akashuka mpaka laki moja na themanini, basi nikajua. Kesho bwana atatafuta shirika la kukagua nyumba hapa Ohio. Karani, barua ya Baraza nitaiandika Jumatatu, nikikutumia utaniangalia Kiswahili cha ofisi? Changu kimeharibika.

Nimeongea na mama alfajiri ya huko. Amepata msichana wa Matondoni atakayekuja asubuhi kumshika mtoto, nitamlipa mimi kila mwezi, iwe hivyo mpaka tuone. Mtoto alichukua simu akaniuliza huko kwenu kuna punda? Nikamwambia hakuna. Akamrudishia nyanyake simu.

Kuna yeyote anashuka Lamu kabla ya Maulidi? Nina viatu na gauni moja la kupeleka, kilo mbili hazifiki.

Bi Mkubwa wa Mkomani, Leicester

Mjukuu wangu anapitia Columbus mwezi ujao halafu nyumbani. Andika saizi ya viatu juu ya mfuko, yeye hupoteza kila kitu.